Neno Moja la Kitabu cha Zamu

4 Februari

Kwa Mzee Mfasiri,

Shikamoo.

Hunijui. Mimi nakujua kwa muhuri tu: duara la wino wa buluu mwishoni mwa karatasi, na sahihi yako inayoning'inia kama uzi uliosahauliwa kukatwa. Mimi ni mke wa mtunza boila wa kile kiwanda kinachofua mashuka ya hospitali. Oktoba iliyopita mume wangu alifungwa miaka minne kwa sababu mvuke ulimuua fundi bomba. Fundi huyo kila mtu alimwita Spana, hata mkewe. Alikuwa rafiki wa mume wangu miaka kumi na tisa, na siku tulipohamia mtaa huu ndiye aliyeshika upande wa pili wa kitanda. Kwa hiyo usidhani anayekuandikia hajui kilichopotea.

Wiki iliyopita nilipewa bahasha yenye karatasi za kesi. Ndani nimekuta nakala ya ukurasa mmoja wa kitabu cha zamu. Kule kiwandani wenye mali walitaka kitabu kiandikwe Kiingereza, basi watunza boila wakajifunza maneno kama thelathini hivi, wakawa wanayapanga kama matofali. Mume wangu ameandika matatu, kwa herufi kubwa: LEFT VALVE OPEN. Chini yake wewe umefasiri, "Nimeacha valvu wazi," yaani koki ya kufungia mvuke. Hakimu aliyasoma maneno yako mara mbili, mimi nikiwa benchi la tatu. Akasema, "Mshtakiwa amekiri kwa mkono wake mwenyewe."

Mzee, mimi nashona sare za shule. Kiingereza changu ni cha kwenye lebo. Ila nina karatasi za vipimo nilizonunua dukani, na kila karatasi imeandikwa inakwenda wapi. Kuna moja inasema LEFT SLEEVE. Ni mkono wa kushoto wa shati. Nimekata mikono ya kushoto miaka kumi na miwili na hakuna siku hata moja karatasi ile ilikuwa inaniambia kwamba mtu ameacha mkono.

Nauliza tu. Neno hili lina maana ngapi, na wewe uliijuaje ya mume wangu?

Mimi,
Mama Mapacha


12 Februari

Bibi Mama Mapacha,

Marahaba. Nimeipokea barua yako na ninakupa pole kwa yaliyokupata.

Swali lako ni la haki, na bahati nzuri limeniangukia mimi, maana maneno ndiyo kazi yangu kwa miaka thelathini na minne. Neno hilo si moja. Ni maneno mawili ya ukoo tofauti yaliyokutana kwa sauti, kama sisi tulivyo na paa la nyumba, paa wa porini na kupaa angani. LEFT ya kwanza ni upande wa moyo. Watu wa kale wenye lugha yao waliitumia kwa maana ya udhaifu, mkono usiofaa kwa kazi. LEFT ya pili inatokana na LEAVE, yaani kuacha, ambako zamani sana kulimaanisha kubakiza: unakwenda, lakini kuna kitu umekibakiza nyuma. Ndiyo maana neno hilohilo husema mtu ameondoka, na husema pia kilichosalia baada ya yeye kuondoka.

Sasa, ni ipi? Hapo ndipo mfasiri anapolipwa. Watu wanaoandika kwa haraka huangusha "mimi" mwanzoni mwa sentensi. Mumeo aliiangusha. Nami nikairudisha.

Nakusihi uwe na subira. Kifungo kina mwisho.

Wako mtiifu,
Mfasiri


20 Februari

Mzee wangu,

Umenipa somo, jibu hukunipa. Paa hao wako nimewapenda, lakini mimi nimekuuliza habari za mume wangu.

Nikueleze nilivyo, labda utaelewa kwa nini sikuachii. Tangu Oktoba mguu wangu haujui kutulia. Nikikaa kwenye kiti cha kawaida, unakanyaga sakafu kama uko kwenye cherehani. Jana nimeshonea shati moja mikono miwili, yote ya kushoto. Mwenye shati akacheka, nikacheka naye, kisha nikaenda uani nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Kuhusu huku "kuacha" kwenu, sisi wanawake tunakujua. Majirani hawaulizi kama mume wangu amefungwa. Wanauliza kama ameniacha. Neno ni hilo hilo moja, na mtu akitaka kukuumiza anajua alishike upande gani.

Naomba unijibu mawili. La kwanza, ulikwenda kuliona lile boila? Kama ulikwenda, umeziona valvu mbili, zimekaa sambamba kama macho. Moja mkono huu, nyingine mkono huu. Mtu anayezitazama kila siku, anapoandika habari za moja, asiseme ni ipi?

La pili, ulisoma kurasa ngapi?

Mama Mapacha


2 Machi

Bibi,

Boila sikuliona. Si kazi ya mfasiri kukagua mitambo.

Nililetewa ukurasa mmoja.

Mfasiri


9 Machi

Mzee,

Shikamoo. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya vipimo iliyokunjwa mara nane. Usiitupe ukidhani ni ya nguo.

Nilikwenda kiwandani. Mtunza boila wa sasa alinitazama muda mrefu, kisha akasema anakwenda kunywa chai, na kitabu cha zamu hakijifungi chenyewe. Nikabaki nacho. Sikuwa na karatasi nyingine ila hii, nikanakili nilichoweza, herufi kwa herufi, kama ninavyonakili nembo za shule. Maana yake sijui yote. Wewe unaijua.

Utaona siku arobaini za mume wangu. Kila siku mistari miwili. RIGHT VALVE SHUT. LEFT VALVE SHUT. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto, kama mtu anayetembea. Siku tatu kabla ya ajali, wa pili unabadilika: LEFT VALVE STIFF. Yule mtunza boila aliporudi nilimuuliza STIFF ni nini. Akasema, "Ngumu. Inakataa kuzunguka." Halafu siku yenyewe: RIGHT VALVE SHUT. LEFT VALVE OPEN. Ile kopi ya mahakamani imeanzia katikati ya ukurasa. Mstari wa kulia haumo. Kama mashine iliukata au mkono wa mtu uliukata, mimi sijui, na leo sitaki kujua.

Nilipokuwa natoka getini nimekutana na mke wa Spana. Amekuja kufuatilia karatasi za marehemu. Akavuka barabara ili tusipishane, akasimama upande wa pili mpaka nikapita. Sikumlaumu. Nimemlaumu mtu mwingine, na nadhani unamjua.

Mama Mapacha


17 Machi

Mwanangu,

Usishangae kukuita hivyo. "Bibi" imenishinda leo.

Nimekosea. Naandika mapema ili kalamu isipate nafasi ya kuzunguka. Mumeo aliandika: valvu ya kulia imefungwa, valvu ya kushoto iko wazi. Ni taarifa. Ni onyo. Mimi nimeifanya maungamo.

Na kuna baya zaidi, nikuambie sasa usije ukalisikia kwa mtu. Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Nilipofika kwenye ule mkono wa shati nikaweka karatasi mezani, nikaenda kunawa uso. Halafu nikarudi nikakuandikia habari za paa. Nilisema moyoni, funika kombe. Mwanamke huyu atachoka. Wiki tano nimekuwa nikizunguka chumba hiki. Nafungua kamusi, nafunga. Naanza kazi za watu, naacha katikati. Mtu wa makamo yangu kuogopa mshona sare!

Unauliza niliijuaje maana ya mumeo. Sikuijua. Askari aliyeniletea ukurasa ule alisema, "Mzee, tugongee muhuri hapa, ni kukiri kwake." Nikaangalia ndani ya maneno matatu, nikakuta kilekile nilichoambiwa nitakikuta. Ingekuwa mwanafunzi wangu amefanya hivyo ningemchapa kwa maneno mpaka akome.

Nimemwona wakili wa msaada wa kisheria, mama mmoja mkali anayeongea kama anadaiwa pumzi. Nitaapa hati kwamba tafsiri yangu si sahihi. Lakini muda wa rufaa ulipita zamani, kwa hiyo kwanza mahakama iombwe ruhusa ya kusikiliza rufaa iliyochelewa. Mumeo lazima atie sahihi. Mwandikie leo.

Mfasiri


5 Aprili

Mke wangu mpenzi,

Salamu kwako na kwa mapacha. Mimi mzima, kifua kimepoa, wamenihamishia karakana ya useremala na nimeshavunja misumeno miwili.

Wakili alikuja na karatasi zake. Sikutia sahihi. Alikasirika, nikamwambia usinikasirikie mama, mimi si mgumu, mimi ni mchovu.

Nisikilize. Yule mzee alikosea kitabu. Mimi hakunikosea. Valvu ya kushoto ilikataa kufunga, kweli. Niliizungusha mpaka viganja vikachubuka. Nikaandika kitabuni, kweli. Lakini sheria ya zamu si kuandika tu. Unamsubiri anayekupokea, unamwambia kwa mdomo wako, anaitika. Mimi niliondoka jioni ile saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Spana alifika saa kumi na mbili kamili, kabla ya mpokeaji wangu, na mfuko wake wa vyuma, akakuta kitabu kiko wazi juu ya meza, akaingia kwenye mfereji wa mabomba. Spana hakujua Kiingereza hata cha salamu. Nami nilijua hajui. Miaka kumi na tisa nilikuwa namsomea hata maelezo ya dawa.

Kwa hiyo hakimu aliposema "ameacha", mimi niliinamisha kichwa. Mliona nimevunjika moyo. Nilikuwa nakubali.

Mahakamani waliniuliza kwa nini niliondoka mapema, nikanyamaza. Wewe hujaniuliza hata siku moja. Usiniulize.

Waambie mapacha nimejifunza kutengeneza kigoda.

Mumeo


11 Aprili

Mume wangu,

Sikuuliza kwa sababu jibu ninalo mimi.

Nilikutumia ujumbe kwa dereva wa gari la mashuka: njoo mapema, mwenye chumba anataka tukione leo, kuna mtu mwingine anakitaka. Chumba chenye madirisha mawili. Nilisema usipokuja kitatuponyoka. Ukaja, jasho linakutoka, viganja vimechubuka, nikakuuliza vimefanya nini ukasema "valvu", na mimi nikakuvuta kukuonyesha mwanga unavyoingia. Tulikuwa tunapima pale cherehani itakapokaa wakati Spana anakufa.

Sasa ndimo ninamoshonea. Mwanga ni mzuri kweli. Kuna siku naufungia mapazia nikashona kwa taa.

Ulinyamaza mbele ya hakimu ili jina langu lisitajwe. Nimejua tangu siku ile, nami nikanyamaza juu ya kunyamaza kwako. Nikaenda kumwandama mzee wa watu kwa barua, nikajifanya kosa lote ni la kalamu yake, maana nilipokuwa nikimkasirikia yeye nilikuwa sipumui hewa ya chumba hiki.

Lakini sikia. Kuondoka dakika kumi ni kosa lako, na ni langu. Nalikubali. Kumuua rafiki yako kwa kuacha valvu wazi, hilo hukulifanya. Usibebe la watu wengine juu ya lako ili tu mzigo ufanane na majonzi yako. Valvu ile ilikuwa mbovu siku tatu na kitabu kilisema. Nani alikisoma? Unataka mke wa Spana aendelee kuamini kwamba mtu aliyemsomea mumewe maelezo ya dawa alimwacha makusudi aungue?

Tia sahihi. Kama hutaki kwa ajili yako, tia kwa ajili ya kumwambia yule mama ukweli ukiwa umesimama kwa miguu yako, si kupitia dirisha la waya.

Mkeo


19 Aprili

Nimetia.

Mumeo


3 Juni

Mzee Mfasiri,

Leo nina hasira na wewe upya, na kwa mara ya kwanza ni hasira ya kuchekesha, ila mimi bado sijacheka.

Jumatatu nimepata karatasi ya mahakama kwa posta. Maneno mengi, lakini mwisho kuna mawili yamepigiwa mstari: LEAVE GRANTED. Nikakumbuka ulisema neno hilo ni kuacha. Nikakimbia kwa kijana wa duka la kuchapa, yule anayejifanya anajua kila kitu. Akasoma, akaruka. "Mama, amepewa likizo! LEAVE ni likizo! Hata mimi bosi wangu huwa ananinyima hiyo hiyo!"

Mzee, nilipiga pasi suruali mara tatu. Nikawavalisha mapacha viatu vya Idi na Krismasi kwa pamoja. Nikaenda kusimama getini mwa gereza saa mbili asubuhi. Saa nne askari mmoja akauliza namsubiri nani. Nikampa karatasi. Akaisoma, akamwita mwenzake, wakaisoma wawili, na yule wa pili akasema taratibu, afadhali angecheka, "Mama, hii siyo ya kutoka. Hii ni ruhusa ya kuomba."

Nikasimama hapo mpaka saa nane. Najua ni ujinga. Miguu ilikataa kugeuka. Suruali nilikuwa nimeishika mkononi kama mtu anayeuza.

Kwa nini hukuniandikia? Wewe ndiye unayeijua sura ya kila neno.

Mama Mapacha


6 Juni

Mwanangu,

Barua ya kukueleza niliiandika siku ileile ruhusa ilipotoka. Nikaitia mfukoni mwa koti niipeleke posta. Nimeikuta leo nilipokuwa natafuta miwani. Sina neno la kujitetea, na leo nadhani nimeyatumia mengi mno maishani.

Ndiyo, ni ruhusa. Na ndiyo, ni likizo pia, kwa sababu likizo ni ruhusa ya kutokuwepo. Hili ni neno la tatu, mwanangu, si jamaa ya lile la kuacha ingawa yameandikwa sawasawa. Asili yake iko jirani na kupenda, na kuridhia. Mtu akupe LEAVE ni kama kusema moyo wake umekuwa radhi nawe. Nilitaka kukuandikia hilo kama zawadi, kumbe nimekupeleka getini na suruali mkononi.

Kijana wa duka la kuchapa hakukosea zaidi yangu. Yeye alikosea kwa furaha.

Shauri litasikilizwa mwezi wa Julai, tarehe kumi na nane. Nitakuwepo. Niombee radhi kwa mapacha.

Mfasiri


20 Julai

Mwanangu,

Ulikuwa nyuma yangu mahakamani, sikuthubutu kugeuka. Sijui uso wako ulikuwaje. Nikueleze wangu ulikuwaje kwa ndani.

Nilikuwa nimejiandalia usemi mrefu. Ulinisikia: asili ya neno, ukoo wake, mazoea ya waandishi wa haraka. Nilikuwa najenga ngazi ya kushukia polepole nisivunjike. Ndipo jaji akavua miwani, akasema, "Mzee, tunakuheshimu. Sentensi moja. Tafsiri hii ni sahihi au si sahihi?"

"Si sahihi."

"Kosa la nani?"

Unajua, kwa sekunde moja nilimwona yule askari na ukurasa wake, nikaiona ile mashine ya kopi, nikaona wa kuwatupia wako tele. Nikasema, "Langu. Nilifasiri nilichosikia, si nilichosoma."

Na wakili alipomuuliza mumeo kama alisubiri wa zamu inayofuata, akasema hapana mbele ya watu wote, nilifunga macho. Nilidhani amejichimbia. Halafu akaulizwa sababu, na kabla hajanyamaza, nyuma yangu nikasikia sauti yako: "Nilimwita mimi!" Askari akakutoa nje kwa kuvuruga mahakama. Mwanangu, katika miaka thelathini na minne sijasikia ushahidi ulioharamishwa haraka vile ukaaminiwa na watu wote vile.

Muhuri wangu nimeurudisha kwa msajili. Hakuniomba. Alisema nifikiri tena, nikamwambia nimefikiri kwa kuchelewa, lakini nimefikiri.

Siku ya hukumu sitakuja. Moyo wangu hauna tena miguu ya kusimama ukumbini. Niandikie wewe, na usinifiche, hata ikiwa mbaya.

Aliyekuwa Mfasiri


29 Agosti

Mzee wangu,

Shikamoo. Samahani kwa karatasi hii, ni ya vipimo tena, ndiyo iliyokuwa mkobani, na penseli ni ya kuchorea vitambaa. Naandika nimekaa kwenye ngazi ya nyumba ya watu. Mkono lazima niupe kazi.

Wamemwachia leo saa tatu na nusu. Jaji amesema yale maneno yalikuwa taarifa ya hitilafu, si kukiri, na kwamba kiwanda kilikuwa na siku tatu za kuisoma. Kifo si chake. Lakini amesema pia, kuondoka kituoni kabla ya kukabidhi kwa mdomo ni uzembe, na huo ni wake, na miezi aliyokaa ndani inautosha. Mume wangu aliinama kidogo. Wakili alikuwa anafuta macho na karatasi za mtu mwingine.

Nilidhani tutakwenda nyumbani. Mapacha wako kwa dada yangu, nimepika tangu alfajiri. Tulipofika njia panda akasimama akaniambia, "Tunaanzia kwa mke wa Spana." Nikamwambia, oga kwanza, kula kwanza, yule mama hatatufungulia. Akasema, "Asipofungua nitakaa nje. Nimezoea kukaa."

Akabisha hodi yeye. Mlango ukafunguka kiasi cha uso. Yule mama akamwona. Mzee, nilijiandaa kwa maji ya moto, kwa matusi, kwa mlango kubamizwa. Hakufanya hata kimoja. Akamtazama mikono. Kisha akafungua zaidi, akamwingiza yeye peke yake, mimi nikabaki kwenye ngazi.

Ni saa nzima sasa. Dirisha liko wazi, nasikia nusu nusu. Mwanzoni ilikuwa sauti yake yeye, mume wangu, akieleza valvu, na dakika kumi, na chumba cha madirisha mawili. Alinitaja. Hakupunguza kitu. Halafu yule mama akaanza kulia, kilio kile cha mtu aliyekuwa amelia kimakosa miezi yote na sasa anaanza upya kwa sababu nyingine. Nikasikia kiti kinaburuzwa, nadhani mume wangu alitaka kunyanyuka. Yule mama akamwambia, "Kaa hapo hapo mpaka nimalize. Usithubutu kwenda popote."

Akakaa.

Alipomaliza amemuuliza swali ambalo halikuwa la boila wala la mahakama. "Siku ile mchana alikuwa anaongea habari gani?"

Mume wangu akafikiri. Akasema, "Mlango huu. Alikuwa anasema Jumapili ataupaka rangi, amechoka kuonekana maskini kuliko alivyo."

"Rangi gani?"

"Alikuwa hajaamua. Tulibishana. Mimi nilisema buluu, akasema nina macho ya mtunza boila."

Na yule mama akacheka, Mzee. Kidogo tu, puani, halafu akajizuia, halafu ikamtoka tena. Nimeugusa huo mlango hapa nilipo. Umebanduka mpaka kwenye mbao.

Sijui ikishaisha hii itakuwaje kwetu. Kuna kesho, ataamka hana kazi na mimi nitakuwa na madirisha yangu mawili. Sitaki kukudanganya kwamba moyo wangu umetua. Mguu wangu unakanyaga ngazi ya watu hapa kama mwendawazimu.

Yule mama anauliza, "Mkeo umemwacha wapi?"

"Yuko nje. Anaogopa kuingia."

Nasikia ndala zinakuja. Naishia hapa.

Mama Mapacha